Karatasi Kati ya Vioo Viwili

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, kaka. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta u mzima, macho bado makali na mikono haijaanza kutetemeka, maana kwa watu wa kazi yetu hiyo ndiyo afya, mengine yote ni nyongeza. Na wanao hawajambo? Nasikia ni mabinti wawili. Wabusu wote, uwaambie busu limetoka kwa shangazi yao, ambaye hawamjui na si kosa lao. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao umeanza kuninung'unikia kila ninapoinuka kwenye benchi.

Najua utashtuka kuuona mwandiko huu baada ya miaka kumi na tisa. Anwani nimeipata kwa muuza miwani, yule anayecheka mpaka anafuta machozi kwa tai yake. Alipita mjini kwenu, akakukuta dukani ukitengeneza hadubini, akakutambua kwa jinsi unavyoipulizia lenzi pumzi mara mbili kabla ya kuifuta, vile vile kama baba. Alisema una mvi za pembeni, na kwamba alipoitaja karakana yetu ulimuuliza habari za mvua. Sikulaumu. Nakuomba jambo moja tu: usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Ukishafika mwisho, hukumu ni yako.

Nianze na habari nyepesi. Karakana ipo, na bado inavuja kona ile ile. Benchi lako liko chini ya dirisha. Nimeweka ndoo juu yake ili mtu yeyote asije akalizoea. Bwana Poda naye yupo, hajafa wala hajastaafu, masikio yake bado mekundu kwa ile poda ya kung'arishia, na meno yaliyobaki ni manne, ambayo anayatumia kunisema mimi. Anadai nasugua kioo kama mtu anayeosha sufuria iliyoungua. Kazi si haba. Tunapata lenzi za hadubini za shule, vioo vya vipimo vya mafundi, na vile visahani bapa vya kupimia ubapa wa vioo vingine. Hivyo vya mwisho sasa navisugua mimi peke yangu, kwa sababu mkono wa baba haupo tena.

Ndiyo, kaka, baba anaumwa. Ni mwaka na miezi miwili sasa. Daktari anasema moyo umechoka na hakuna dawa ya uchovu wa namna hiyo. Macho nayo yamefunga ukungu. Ukimwonyesha vidole haoni ni vingapi. Kitanda chake tumekihamishia kile chumba cha mbele kilichokuwa stoo ya vipimo, ili awe karibu na karakana asikie mashine zikizunguka. Ni katika kuhamisha vitu ndipo nilipovikuta kabatini vile visahani viwili.

Unavikumbuka kuliko mimi, najua. Lakini niache nivisimulie kwa zamu yangu, kwa kuwa tangu uondoke hakuna aliyethubutu kuvitaja nyumba hii. Vilikuwa viwili, kila kimoja ukubwa wa kisahani cha kikombe cha chai, na baba aliviinamia miezi mitatu mpaka nyuso zake zikawa bapa kuliko maji yaliyotulia. Sheria ya karakana unaijua: kioo kilichokamilika hakilazwi juu ya mwenzake bila karatasi katikati, ile laini nyembamba, nayo huandikwa tarehe na alama ya aliyeiweka. Alama yako ilikuwa nukta mbili na mstari chini yake. Ulisema ni uso wa baba akiwa amefurahi, kwa hiyo akikasirika hakuna wa kuuchora.

Sababu ya sheria hiyo baba alitueleza tukiwa wadogo, mwaka ule mama alipotutoka na tukawa tunalala naye chumba kimoja. Alituonyesha mjusi darini. Alisema yule hana gundi wala misumari, kilichomshika pale ni ukaribu tu. Kila molekuli humvuta jirani yake, lakini mikono yake ni mifupi mno. Unene wa unywele kwake ni safari ya mbali. Kikombe hakigandi mezani kwa kuwa uso wake una vilima na mabonde tusiyoyaona, na vinavyogusana ni vilele vichache tu. Lakini vioo viwili vikisuguliwa mpaka vilima viishe, vikawekwa pamoja vikiwa safi, mikono yote ile mifupi itashikana kwa mara moja, na hapo havitakuwa tena viwili. Kisha alimalizia kwa maneno yale yale: karatasi ni ya kuvikumbusha kuwa kila kimoja kiko peke yake.

Basi asubuhi ile vikakutwa vimeshikana, karatasi haipo. Kazi ya kuiweka jioni ilikuwa yako. Uliapa kuwa uliiweka. Baba akauliza, kama uliiweka, iko wapi? Ukasema hujui. Akakuita mvivu, akaona haitoshi, akakuita mwongo mbele ya Bwana Poda. Ukamjibu kwamba kama neno lako halina uzito wa karatasi moja katika nyumba hii, basi huna nyumba. Ulitoka na mfuko mmoja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama kwenye sinki nimevaa sare ya shule, na maji yalikuwa yakimwagika sikuyafunga. Baba alijaribu maji ya moto, akajaribu barafu, akajaribu wembe mwembamba ukavunjika. Mwishowe akavifungia kabatini pamoja na jina lako.

Sasa nakuja kwenye mambo yasiyo mepesi, na nakuomba usidhani nimerukwa na akili.

Nilipovitoa kabatini nilikuwa sijavitia machoni miaka yote hiyo. Baba aliagiza viwekwe kwenye rafu ya dirishani, karibu na kichwa chake, aliagiza kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nilipoviinua kwenye mwanga niliona doa la rangi karibu na ukingo, kama mafuta juu ya dimbwi. Kwingine kote ni angavu, huwezi kudhani pale pana vioo viwili. Bwana Poda alinieleza kwamba ni uchafu ulionaswa siku ile; penye uchafu havikugusana, pakabaki mwanya, na mwanya mwembamba hivyo hucheza na mwanga. Alisema analikumbuka doa lenyewe, lilikuwa kama punje ya maharage.

Mimi nililoliona halikuwa punje ya maharage. Nikawa nalipima kila Jumatatu kwa rula yetu ya chuma, kutoka ukingo wa doa hadi ukingo wa kioo. Zilikuwa milimita tisa. Baadaye nane. Baadaye saba. Ikiisha hiyo nafasi hewa itaingia, na hewa ikiingia vitaachana. Nilimuuliza Bwana Poda ni kitu gani kinachofanya uchafu ukue katikati ya vioo ambavyo hata pumzi haipenyi. Wewe unamjua, ni mtu mwenye jibu hata la swali ambalo hajaulizwa. Alilitazama doa kwa muda mrefu, akavaa kofia yake, akasema ana kazi. Tangu siku hiyo hali ya baba huiulizia akiwa mlangoni, haingizi mguu.

Jumatatu moja mchana baba alikuwa amelala ameelekea ukutani. Nilipima kimya kimya, sikufungua kinywa. Akasema, bila kugeuka, "Zimebaki tano."

Niliangalia rula. Zilikuwa tano. Kaka, huyu ni mtu asiyeona kijiko kinapofika mdomoni. Nilijiambia amebahatisha. Jumatatu iliyofuata alisema nne hata kabla sijaichukua rula mezani, na zilikuwa nne. Usiku ule ule baba alizidiwa, daktari akaitwa, na nikaanza kufanya hesabu ambayo sikutaka kuifanya: kila milimita inapopungua kwenye kioo, baba naye anapungua. Si mimi niliyeizua. Siku moja nilimsikia akijisemea kwamba vikiachana naye ataenda zake, na alisema bila huzuni yoyote. Huzuni aliniachia mimi.

Halafu ikaja sauti. Ni sauti ndogo, ukucha ukigonga kikombe mara moja tu, nayo husikika adhuhuri mashine zinapozimwa watu wakale. Nilidhani kioo kinajinyoosha kwa joto la jua, nikavihamishia kivulini. Sauti ikaendelea. Baba huisikia kabla haijalia. Hunyanyua kidole kuninyamazisha, mimi nasikiliza, kisha ndipo inakuja. Nilimuuliza ni nini. Alijibu kwa upole kabisa kwamba kuna mtu anagonga, amesimama siku nyingi, anataka kufunguliwa.

Na hili nalo nilikuta kwa macho yangu mawili. Unajua kwamba ukisogeza mkono kwenye vioo vilivyobanana, kioo huvimba kidogo kwa joto na rangi husogea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la supu. Baba amelala, mikono yote chini ya shuka. Hakuna mtu karibu na rafu. Nikaziona zile rangi zikitanuka taratibu kuelekea ukingoni, kama kidole kimewekwa pale, zikarudi, zikatanuka tena. Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba hakikuwa kidole cha upande wetu. Supu ilipoa mikononi mwangu, sikuingia mpaka Bwana Poda alipowasha mashine.

Ningeweza kuishia hapa, nikakuomba uje umwone mzazi wako kwa kuwa siku zake zinahesabika, na ungekuja au usingekuja. Nimeandika barua za namna hiyo mara tatu, nikazichoma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi haya maradhi nimeyaficha miaka kumi na tisa. Nimepiga moyo konde. Soma.

Wiki tatu zilizopita nilichukua lenzi ya mkono nikalichunguza doa kwa karibu. Lina mistari. Mistari myembamba iliyojipinda, imekaa safu safu, na inakatwa kwa mshazari na alama moja iliyonyooka. Ni dole gumba, kaka. Dole gumba lenye kovu. Unalijua hilo kovu, kwa sababu siku nilipojikata kwa kipande cha lenzi ni wewe uliyechana pindo la shati lako ukanifunga, ukaniambia nisilie, sisimizi hawana machozi.

Karatasi niliitoa mimi.

Wiki ile mwalimu wa kemia alitufundisha nguvu za mvutano kati ya molekuli. Alisema ni nguvu dhaifu sana. Mimi nikanyoosha mkono nikasema nyumbani kwetu nguvu hizo zinaweza kushika vioo viwili visitenganishwe na mtu yeyote. Darasa zima lilinicheka. Mwalimu naye alitabasamu, na tabasamu lake ndilo lililoniuma. Wewe ulikuwa umeniahidi kunionyesha kwa vipande vya majaribio, kila siku ukasema kesho. Jioni ile mlipokuwa mnaoga nikaingia stoo. Nilitaka kuona mara moja tu kisha nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Nilivifuta kwa kile kitambaa cha baba, nikakishika cha juu vibaya, kwa uso badala ya kingo, nikakilaza. Kaka, lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Rangi zilikimbia kutoka katikati kama zinafukuzwa, kisha hakukuwa na kitu, uwazi mtupu. Nikataka kukiinua. Hakikuinuka. Nilivuta mpaka kucha zikauma.

Karatasi niliificha ndani ya daftari la kemia. Asubuhi baba alipokuuliza iko wapi, ilikuwa kwenye mkoba mgongoni kwangu, hatua nne kutoka ulipokuwa umesimama. Nilifyata ulimi. Nilijiambia utarudi jioni, nitasema. Nikajiambia utarudi mwisho wa wiki. Kila siku niliyongoja ilifanya neno kuwa zito zaidi, mpaka sikuweza kulinyanyua. Sikuombi unione nilikuwa mtoto. Miaka kumi na minne ilitosha kusema maneno matatu.

Jambo la mwisho kuhusu doa hili ndilo linaloninyima usingizi. Nililiweka dole langu juu yake. Lililonaswa mle ndani lilikuwa la msichana wa miaka kumi na minne, na leo nina thelathini na tatu. Linanienea. Mstari kwa mstari, kovu kwa kovu, halikupungua wala kuzidi. Limekua pamoja nami humo gizani, na kioo kilikuwa na joto kabla sijakigusa.

Nilikwenda kupiga magoti kitandani kwa baba, ilikuwa adhuhuri, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe. Nililia kwa kelele, sikuona haya. Alinisubiri nimalize. Akautafuta mkono wangu, akapitisha kidole chake juu ya kovu, akasema, "Nilikiona asubuhi ile ile. Kidole cha mtoto, na kovu lake."

Nikamuuliza mbona hakusema. Mbona hakukukimbilia barabarani.

"Mmoja alikuwa ameshatoka mlangoni," akasema. "Ningesema, wewe ungebaki unanitazama vipi? Niliona nimkose mmoja kuliko kuwakosa wote."

Kaka, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumtikisa mpaka mifupa imlie. Miaka kumi na tisa nilikula naye meza moja, mimi namficha, yeye ananificha, na wewe ukiwa mwongo wa familia kwa faida yetu sisi wawili. Nilimwambia hivyo, kwa ukali, mgonjwa au si mgonjwa. Hakunikatalia. Alilia, na mimi sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku ya mama. Alisema alikuita mwongo huku lenzi iko mfukoni mwake bado hajaitoa; alipoitoa ulikuwa umeshafika barabarani, na mtu mzima alishindwa kulikimbilia neno lake mwenyewe.

Ilipofika hapo nikakumbuka kuwa ni adhuhuri na mashine zimezimwa. Tulingoja. Baba alinyanyua kidole. Hakuna kilichogonga.

Tangu siku hiyo hakijagonga tena. Doa nalo limesimama. Zilikuwa zimebaki mbili, na mpaka leo asubuhi ni mbili, sijui mara ngapi nimepima. Nilimwambia baba labda limekwisha nguvu. Alisema hapana, linamsubiri mwenye karatasi.

Karatasi yenyewe imo ndani ya bahasha hii. Ina manjano ya uzee na imekunjwa mara mbili, lakini tarehe inasomeka, na nukta zako mbili na mstari wake. Uliiweka, kaka. Uliiweka kama ulivyosema. Nimempa Bwana Poda aione kwanza, kwa kuwa alikuwepo siku ile na ilikuwa haki aone. Aliishika kwa kingo, akavua kofia. Baba anaomba ije nawe. Anasema siku vioo hivyo vikiachana mtu lazima awe amesimama pale na karatasi mkononi aitie katikati, la sivyo vitashikana upya. Mimi na yeye hatustahili kuishika. Anasema uiweke wewe, kwa mkono wako, mbele yake, ili asikie ikiingia.

Sitakudanganya kwamba ukifika atapona. Sijui pia kitakachotoka humo kikifunguliwa, na usiponielewa kwa hilo nitakuelewa. Najua tu kwamba zimebaki milimita mbili na kwamba zimesimama kwa ajili yako, na sijui vitu vya namna hii huwa na subira kiasi gani.

Nimeandika barua hii karakanani, kwenye benchi lako, ndoo nimeishusha chini. Sikumwambia mtu kuwa naandika leo. Hivi punde baba ameniita kutoka chumbani, akaniuliza kama nimeshaitia karatasi ndani au bado.

Msalimie mke wako, ingawa hatujaonana. Bwana Poda anakusalimu na anasema bado una deni la kumfundisha ile mbinu yako ya kupuliza. Baba hajatuma salamu. Amesema zake atakupa mwenyewe. Mimi sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo unikatalie hapa hapa, uso kwa uso, nitashukuru.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,

Sisimizi